Hatua Nne Kutoka Dirisha la Pili: Wasifu wa Mwalimu Ethel Cecil Namalowe

Mwalimu Ethel Cecil Namalowe amelitumikia Taifa kwa muda wa miaka thelathini na sita, miezi minne na siku kumi na tatu, kuanzia tarehe 1 Julai 1989 hadi tarehe 14 Novemba 2025, siku alipotimiza umri wa miaka sitini na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Miaka ishirini na minane ya mwisho ameitumia akifundisha Darasa la Awali katika Shule ya Msingi Nang'umbo, jirani na Kitangari, wilayani Newala.

Kamati ya Shule imemwagiza Katibu wake, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu, kuyaandika maisha ya kazi ya mstaafu ili yachapwe katika ratiba ya sherehe ya leo, tarehe 31 Januari 2026. Mwandishi amekubali kwa moyo mkunjufu, ingawa alistahili kuwa mtu wa mwisho kuombwa. Katika jalada la mstaafu imo barua moja ya onyo. Barua hiyo ilizaliwa na barua nyingine, yenye kurasa nne, iliyoandikwa na kutiwa saini na mwandishi huyu huyu. Kwa sababu ya karatasi hizo mstaafu alicheleweshewa daraja kwa miaka minne, na jina lake likasemwa vibaya kuanzia hapa hadi Newala mjini. Kwa hiyo, pamoja na pongezi, wasifu huu unakusudia kulisafisha jina hilo mbele ya watu wale wale waliosikia likichafuliwa. Msomaji avumilie urefu wake.

Mstaafu alizaliwa Mkomaindo, mjini Masasi, katika familia ya Kanisa la Anglikana. Baba yake, marehemu Mzee Cecil Namalowe, alikuwa fundi seremala. Kutoka kwake binti alirithi vitu viwili ambavyo havijapata kutoka katika mkoba wake: futi ya kupimia, na timazi, yaani kile kipande cha risasi kinachoning'inizwa kwenye uzi ili fundi ajue kama kitu kimesimama wima. Baada ya kuhitimu ualimu wa Daraja la III A alifundisha katika shule mbili za Masasi. Januari 1998 alihamishiwa huku juu uwandani kuanzisha Darasa la Awali, jambo ambalo wengi wetu hatukujua maana yake.

Watani wa Nang'umbo walimpokea kwa maneno. Mama mmoja aliyekuwa akipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani alimtazama mgeni na sanduku lake, akasema, "Huyu kazoea bomba la Masasi. Kiangazi hakitamkuta hapa."

Mwalimu alijibu bila kutua sanduku. "Kikinikuta, Mama, utanikopesha kata moja."

"Kata? Nitakukopesha kijiko."

Kiangazi kilimkuta, na vingine ishirini na saba baada yake.

Ni wajibu wa mwandishi kueleza namna mstaafu alivyokipanga chumba chake, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitokana na namna hiyo. Walimu wengine hupanga mikeka na picha kwanza, kisha huwaingiza watoto. Mwalimu Ethel alifanya kinyume. Kila mwaka, kabla ya kuweka kitu chochote, aliutandaza mchanga mwembamba uliochekechwa juu ya sakafu ya saruji, akawaacha watoto wapya waingie na kutoka na kucheza humo kwa siku tatu. Watoto walipokwenda nyumbani aliusoma ule mchanga. Palipokanyagwa sana palikuwa njia, na njia haiwekewi mkeka. Pale ambapo nyayo zilisimama jozi mbili mbili, watoto walikuwa wakizungumza, kwa hiyo palifaa kona ya lugha. Pale ambapo mtoto mmoja alikaa peke yake, akaacha alama ya makalio na ya kisigino, pakawekwa vitabu vya picha. Alichokisoma alikichora kwenye karatasi ya manila, karatasi moja kwa kila mwaka, akaikunja na kuitundika kwa kamba ukutani.

Kisha alikipima chumba kwa magoti. Alijifunga kanga, akapiga magoti mlangoni na kutembea hivyo chumba kizima, futi shingoni, akitazama juu. Mwaka wa kwanza aliyekuwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Anderson, alimkuta katika hali hiyo, akasimama mlangoni kwa adabu. "Mwalimu, umepoteza nini?"

"Nimepoteza urefu, Mwalimu Mkuu. Ukiwa na miaka mitano, ile ramani yako unaiona pembe ya chini tu."

Siku ile ile picha zote zilishushwa. Ndoo ya maji ya kunywa ilihamishiwa karibu na mlango, na vipande vya mbao vya kujengea vikatengwa na mkeka wa wanaosinzia. Chini ya dirisha la kwanza aliacha nafasi ya watoto wawili bila kuweka kitu. Wazazi walipouliza, alieleza kwamba mtoto anayeletwa asubuhi ana haki ya kumwona mama yake akienda mpaka apotee kwenye kona ya barabara. Sisi tulipaita dirisha la kulilia. Mtoto aliyepewa nafasi hiyo kwa wiki moja hakuihitaji tena.

Sasa mwandishi anaingia katika jambo lenyewe.

Jioni ya siku ya tatu, Januari 1998, mstaafu alisoma mchangani kitu asichokitarajia. Kutoka mlangoni ilikuwapo njia moja iliyonyooka, imekanyagwa na watoto karibu wote, ikielekea ukuta wa kaskazini. Iliishia hatua nne kutoka dirisha la pili. Pale nyayo zilisimama kwa nusu duara, vidole vyote vikielekea ukutani. Kati ya vidole na ukuta palibaki mchanga mtupu, upana wa mita moja na robo, bila alama hata ya kidole kimoja. Halafu nyayo zilirudi mlangoni kwa njia nyingine.

Alifikiri kuna mjusi ukutani, au ufa, au baridi ya saruji. Alipiga magoti, akapapasa. Hapakuwa na kitu.

Alipoanza kufundisha aliwatazama. Watoto walichukua vikopo vya kona ya michezo ya nyumbani wakajipanga foleni, mmoja nyuma ya mwenzake, kama mama zao wanavyojipanga kwenye maji. Wa mbele alisimama mwisho wa njia na kusema, "Shikamoo, Bibi." Alitega sikio. Kisha aliinama, akashusha kopo lake kwa uzi usiokuwapo, akalivuta kwa mikono miwili, akajitwika na kwenda zake akitembea kwa uangalifu ili asimwage. Wa pili akasogea. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mwalimu yeyote wa Awali atakubali kwamba jambo hilo peke yake lilitosha kumshangaza.

Mwaka 1999 waliingia watoto wengine, wadogo, ambao hawakuwahi kukanyaga humo. Mchanga ulionyesha njia ile ile na nusu duara ile ile. Mwaka 2000 mstaafu aliufunika mchanga wa mahali pale kwa mkeka. Watoto waliukunja mkeka wakauegemeza pembeni, kwa heshima, kama mtu anavyosogeza kiti cha mwenye nyumba. Mwaka 2001 aliziba njia kwa mabenchi mawili. Nyayo zilizunguka mabenchi, zikafika pale pale.

Baada ya hapo aliacha kuzuia. Alikipanga chumba kizima kwa kuifuata njia hiyo: mikeka upande huu, kona ya hesabu upande ule, na katikati njia wazi kutoka mlangoni hadi hatua nne kutoka dirisha la pili. Pale mwisho hakuweka chochote, hakubandika picha wala hakusimama. Mwandishi amewahi kumwuliza kwa nini hakumwambia mtu. Alijibu, "Baba Faidha, ningesema nini? Kwamba watoto wana adabu?"

Mwaka 2012 binti wa mwandishi, Faidha, aliandikishwa Darasa la Awali akiwa na umri wa miaka mitano. Wiki ya tatu, saa kumi alasiri, mwandishi alimkuta nyumbani amesimama mbele ya kisima. Wageni waelewe kwamba huku uwandani mito haipo, na mwenye uwezo huchimba chini ya ardhi chumba kidogo, hukipiga plasta ya saruji na kukifunika, ili kihifadhi maji ya mvua kutoka batini. Hicho ndicho tunachokiita kisima. Mtoto alikuwa amesimama kimya, kopo mkononi, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza.

Mwandishi alimwuliza anasubiri nini.

"Baba," alisema, "hiki chetu mbona hakiitikii?"

Mwandishi hakulala vizuri siku hizo. Alipoulizia na kuelezwa habari za foleni na salamu, aliamini kwamba mwalimu mgeni anawafundisha watoto wetu mambo ya mizimu kwa mlango wa nyuma. Hakumwendea mwalimu kumwuliza, na hilo ndilo kosa lake la kwanza. Mwandishi ni mtu wa darasa la saba aliyejifunza mwenyewe uandishi wa barua za maombi na malalamiko, na watu wengi wa hapa wamepata haki zao kwa kalamu yake. Aliichukua kalamu hiyo tarehe 13 Februari akaandika kurasa nne kwa ofisi iliyohusika. Ilikuwa barua nzuri. Kila aya ilikuwa na namba, kila hoja imeshika mkia wa hoja iliyotangulia. Ni huzuni yake ya kudumu kwamba hajapata kuandika barua nzuri kuliko ile.

Tarehe 28 Februari alikuja ofisa mwenye mwongozo wa mpangilio wa darasa. Alipima, akatikisa kichwa. Kwa mujibu wa mwongozo, eneo tupu la ukubwa ule lilikuwa upotevu wa nafasi. Aliagiza pale hatua nne kutoka dirisha la pili liwekwe kabati la chuma la vitabu, kubwa, lililokuwa limekaa stoo. Aliwauliza watoto nani aliwafundisha kusalimia ukuta. Wakatazamana. Mtoto mmoja akasema, "Hatusalimii ukuta."

Mstaafu alitakiwa kujieleza kwa maandishi. Maelezo yake yamo jaladani, nayo ni mafupi: "Sikuwafundisha. Sikuwakataza. Sakafu ya mahali pale siijui, na kitu kizito nisingependa kiwekwe juu ya sakafu nisiyoijua." Ofisa aliona ni ukaidi. Mstaafu alikataa kulisogeza kabati, kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 3 Machi tulilibeba sisi wa kamati, wanaume saba, mwandishi akiwa wa mbele.

Jumatatu watoto walijipanga foleni kama kawaida. Walipofika kwenye kabati walisimama. Kisha mmoja mmoja aliweka sikio kwenye ubavu wa chuma, akasikiliza, akarudi mkekani na kopo tupu. Siku ile hakuna aliyecheza. Mstaafu alitoa timazi ya baba yake, akaining'iniza kando ya kabati. Uzi na chuma vilikwenda sambamba. Aliandika kwenye karatasi ya mwaka ule: wima.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 12, aliandika: kidole kimoja. Kabati lilikuwa limeinama kuelekea ukutani kwa unene wa kidole. Alimwita mwandishi, akamwonyesha. Mwandishi, kwa sauti ya mtu anayejua, alisema saruji za siku hizi hazina usawa, akakunja boksi la katoni na kulichomeka chini ya mguu wa kabati. "Tayari, Mama Glory," alisema. Glory ni binti wa mstaafu. "Sasa lala usingizi."

"Mimi ninalala," alijibu. "Hawa ndio siwalazi humu tena likizidi."

Tarehe 19 timazi ilionyesha vidole viwili. Mstaafu hakumwita mtu. Aliwatoa watoto arobaini na watatu nje, mmoja mmoja, akawapangia darasa kwenye baraza la stoo, akachora kona zote kwa chaki juu ya udongo. Mvua za Machi zilikuwa zimechachamaa na baraza lilikuwa jembamba. Alifundisha hivyo siku kumi za shule, amesimama upande wa mvua. Tarehe 23 ilikuja barua ya onyo kwa kosa la kuhamisha darasa bila kibali. Aliisoma, akaiweka mkobani pamoja na futi, akaendelea na wimbo uliokuwa ukiimbwa.

Ijumaa ya tarehe 30 Machi, yapata saa nne asubuhi, watoto wakiwa kwenye uji, mwandishi aliingia peke yake katika chumba kilichoachwa. Alikuwa na daftari na kalamu, kwa nia ya kuandika barua ya pili, ya kuthibitisha kwamba chumba cha Serikali kimekaa bure. Alitembea kwa ile njia kutoka mlangoni hadi kwenye kabati. Ndani palikuwa pametulia kuliko inavyopasa, kwa maana mvua ilikuwa ikipiga bati na bado alisikia kalamu yake ikikwaruza. Aliweka mkono kwenye kabati. Lilikuwa la baridi na lenye unyevu, kama mtungi.

Sauti ikasema mlangoni, "Baba, umesalimia?"

Alikuwa Faidha, kikombe cha uji mkononi.

Mwandishi alikasirika. Mtoto amemkuta baba yake na anamhoji kabla ya kumwamkia. "Wewe ndiye hujasalimia. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Nimeanza na yeye," alisema mtoto. "Ni mkubwa kuliko wewe."

Mwandishi alifunga daftari, akaenda mlangoni kumfundisha adabu. Kutoka kwenye kabati hadi pale aliposimama mtoto ni hatua tisa za mtu mzima. Alikuwa katika hatua ya saba.

Hapakuwa na kishindo. Ilikuwa sauti kama ya mtu aliyeshusha pumzi baada ya kuibana muda mrefu. Alipogeuka kabati halikuwapo. Pale hatua nne kutoka dirisha la pili palikuwa na shimo jeusi, kingo zake za saruji nyembamba kama gamba la yai, na chini sana ndani yake maji yalikuwa yakiyumba. Kikombe cha uji hakikumwagika hata tone. Faidha alichungulia kutoka mlangoni akasema neno moja, kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa:

"Amefunua."

Mstaafu alikuja mbio kutoka barazani, akampita mwandishi bila kumwangalia, akambeba mtoto. Kisha akawahesabu wote barazani. Arobaini na watatu. Akawahesabu tena.

Fundi Stefano aliyeshushwa kwa kamba alikuta kisima cha zamani, cha duara, kilichopigwa plasta na mtu aliyeijua kazi yake. Maji yalimfika kifuani, safi, yakinyweka, ingawa hakuna bati wala mfereji ulioelekezwa humo kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano. Mafundi wametoa maelezo kuhusu maji yanayopenya ardhini. Mwandishi ameyapokea.

Habari zilifika Masasi. Mwezi wa Mei alikuja mzee mmoja, Swalehe, fundi cherehani wa Mkomaindo, akasema alizaliwa mahali ilipo shule na alihamishwa akiwa na miaka tisa, wakati watu walipokusanywa vijijini. Kisima, alisema, kilijengwa na babu yake, aliyejifunzia saruji Ndanda kwa mapadri. Mwenye kukisimamia alikuwa bibi yake, Bibi Stamili. Mwandishi anaapa kwamba hadi hapo hakuna mtu aliyekuwa amemweleza mzee huyo habari za watoto.

Aliingia chumbani, akazunguka shimo, akasimama mgongo ukigusa ukuta wa kaskazini. "Bibi alikaa hapa, kwenye kigoda. Maji hakumnyima mtu, hata mgeni. Lakini umsalimie kwanza. Ukija na ndoo yako kimya, hasemi neno, anafunika. Unarudi kwa mama yako na ndoo tupu, unaulizwa umefanya nini."

"Na ukisalimia?" aliuliza Mwalimu Ethel.

"Anaitika, anafunua."

Mstaafu alizishusha karatasi zake ukutani, kumi na tano kwa hesabu ya mwaka ule, akazitandaza barazani moja baada ya nyingine. Mzee Swalehe aliangalia zile nusu duara, vidole vyote vimeelekea pale alipokuwa amesimama yeye dakika moja iliyopita. Aliomba kiti. Kisha aliuliza kama maji ya kisima yanaweza kunywewa, akapewa, akanywa, akaondoka siku ile ile.

Watoto walijuaje? Mwandishi hana maelezo, na hatatunga. Mstaafu, kila alipoulizwa, amejibu maneno yale yale: "Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaachia njia."

Kisima kilifunikwa upya kwa zege na nondo, kikawekewa mfuniko na mfereji kutoka batini, na ndicho kinachoinywesha shule hii hadi leo. Kuanzia darasa la kwanza hadi la saba hakuna anayechota bila kusalimia. Mwandishi naye husalimia. Hajaitikiwa, na anaona ni haki.

Darasa la Awali lilijengewa chumba kipya mwaka 2013, upande wa pili wa kiwanja, juu ya udongo uliochimbwa kwanza na kujaribiwa kwa nyundo. Mstaafu alitandaza mchanga wake siku tatu. Nyayo zilitapakaa kila upande kama za vifaranga. Aliuangalia mchanga ule kwa muda, akaandika kwenye karatasi: hakuna. Mwandishi alitarajia kuona furaha usoni mwake. Aliona uso wa mwenyeji ambaye mgeni wake ameondoka bila kuaga.

Katika chumba hicho kipya mstaafu alianzisha desturi ya kupiga magoti kila asubuhi ndani ya mlango, upande wa kushoto, mgongo ukutani, ili kila mtoto anayeingia akutane na macho yake kwa usawa. Mtoto alisema shikamoo, yeye akaitika kwa jina la mtoto. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mitatu. Magoti yake yamelipa, kama hospitali inavyojua. Katika muda huo huo darasa lake limetembelewa na walimu kutoka kata kumi na moja waliokuja kujifunza kupanga chumba, na wote wamerudi na mchanga kwenye viatu.

Kuhusu barua. Tangu mwaka 2012 mwandishi ameandika barua kumi na nne za kuifuta ile yake ya kurasa nne. Jibu la mwisho lilifika Septemba iliyopita: barua ya onyo haiwezi kuondolewa jaladani, ila barua ya kukiri kosa inaweza kufungwa pamoja nayo, ili yeyote atakayefungua moja aikute nyingine. Zimefungwa. Atakayekuja baadaye asome hivi: Mwalimu Ethel Namalowe hakuwafundisha watoto ushirikina. Aliona pasipobeba uzito, akakataa kupawekea uzito, akaadhibiwa, akasimama upande wa mvua, na watoto arobaini na watatu pamoja na mtu mzima mmoja mpumbavu wako hai. Mmoja wa watoto hao, Faidha, amesimamia upangaji wa viti vya sherehe hii.

Limebaki jambo moja, nalo limetokea baada ya mstaafu kurudi kwao Masasi, kwa hiyo ataligundua katika karatasi hii kama wageni wengine.

Wiki ya kwanza ya muhula huu, mrithi wake, Mwalimu Oliva, alitandaza mchanga kama alivyoelekezwa, akawaacha watoto wapya thelathini na saba kwa siku tatu. Jioni ya siku ya tatu alimwita Mwalimu Mkuu na mwandishi. Alituonyesha tu. Ndani ya mlango, upande wa kushoto, nyayo zilikuwa zimesimama kwa nusu duara, vidole vyote vikielekea ukutani. Kati ya vidole na ukuta palikuwa na mchanga mtupu, nafasi ya mtu mmoja aliyepiga magoti.

Asubuhi yake Mwalimu Oliva alimwuliza mtoto mmoja, Furaha, wanafanya nini pale.

"Tunamwamkia."

"Nani?"

Mtoto alitazama ukuta, kisha akamtazama mwalimu wake, akionekana kumwonea huruma. "Si huyo."

"Na anaitika?"

"Bado," alisema Furaha. "Yuko mbali."

Pale hatujaweka kitu, wala hatutaweka. Mwalimu Oliva amekwisha kupachora kwenye karatasi yake ya kwanza.

Mwalimu Ethel, Kamati ya Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wote wa Nang'umbo wanakushukuru kwa miaka uliyowapa na kwa njia ulizoziacha wazi. Tunakuombea afya, magoti yenye nafuu, nyumba yenye maji karibu na wajukuu wanaosalimia. Tuna ombi moja tu, tunaliwasilisha kwa heshima na taadhima: leo, kabla ya hotuba, kabla ya zawadi, na kabla gari la Masasi halijapiga honi, upite kwanza darasani, upige magoti ndani ya mlango, upande wa kushoto. Watoto thelathini na saba wamekuwa wakiamkia tangu katikati ya mwezi huu, na wanasubiri marahaba yao.

Kwa niaba ya Kamati,
Nurdini Faruku Chiwalala
Katibu